Mlima uliorudia kila kitu: uchambuzi wa kisa cha redio za data za vituo vya zabibu, Dodoma

Usuli

Kisa hiki kinahusu chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu katika Mkoa wa Dodoma na mtandao wake wa redio za data, uliounganisha vituo sita vya kupokelea mazao na ofisi kuu. Majina ya chama, ya watu, ya vijiji na ya mlima uliobeba mnara yameondolewa, na mwaka pia. Vilivyobaki ni maumbile ya nchi, hesabu na mfuatano wa maamuzi. Mimi niliitwa kama fundi wa mawasiliano baada ya bodi ya chama kuanza kushuku kwamba kuna mtu anasikiliza.

Anayelima zabibu Hombolo, Mpunguzi au Bihawana anajua kwamba tunda hili halina subira. Huvunwa misimu miwili kwa mwaka, mmoja mvua zikielekea ukingoni, karibu na Machi, na mwingine katikati ya kiangazi, karibu na Agosti; na likishakatwa mzabibuni, saa zake zinahesabika. Kila asubuhi ofisi kuu ilikipangia kila kituo tani ambazo kingepokea siku hiyo, kwa sababu matenki ya msindikaji yana ukubwa wake. Nafasi ikijaa, kituo hufungwa, na mkulima aliyekwisha kukata hubaki na kreti zake kando ya barabara. Hapo ndipo mlanguzi hupata bei anayoitaka.

Mtandao wenyewe ulikuwa wa zamani lakini ulifanya kazi kwa uaminifu. Redio zilirusha karibu na megahezi 450, katika chaneli moja yenye upana wa kilohezi 12.5, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kwa kuwa vituo vyote sita vilitumia chaneli hiyo hiyo, redio ya ofisi, iliyofungwa juu ya mlima wa mawe, iliviita kimoja baada ya kingine, na kila kituo kilijibu kwa zamu yake. Jibu lilikuwa na namba ya kituo, namba ya mwanachama, uzito uliosomwa na mizani, na kiwango cha sukari kilichopimwa kwa rifraktomita. Hakuna kilichosimbwa, yaani kugeuzwa kuwa maandishi ya siri. Mashine za mizani zilikuwa zimeachwa na mtengenezaji wake, hazikupokea tena programu mpya, na hakuna mahali ndani yake pa kuweka ufunguo wa siri.

Namna shaka ilivyoanza

Katika msimu wa Agosti, wakulima wa vituo viwili walilalamika kwamba malori ya walanguzi yalifika karibu na kituo nusu saa au zaidi kabla karani hajatangaza kufunga. Mara moja lingekuwa bahati. Lilitokea siku baada ya siku, na kila mara kwenye kituo kilichokuwa kinakaribia kujaa, huku vituo vyenye nafasi vikiachwa bila lori hata moja. Bodi iliwashuku kwanza makarani. Mwenyekiti, mzee wa makamo anayepima maneno yake, aliniambia nilipofika, «Mwanangu, nimewahoji watu wangu mpaka nikaona aibu. Niambie kama kuna njia nyingine, ili nijue kama niwaombe radhi.»

Njia nyingine ilikuwepo, na haikuwa ngumu. Kipokezi kidogo cha USB kilichoundwa awali kwa ajili ya televisheni ya kidijitali, kikichomekwa kwenye kompyuta ndogo yenye programu za bure, husikia masafa haya bila shida. Siku ya kwanza tuliegesha gari kwenye senta iliyo kilomita tatu hivi kutoka mlimani, mahali ambapo malori yalizoea kusubiri, tukafungua kompyuta juu ya boneti na kuweka antena fupi ya sumaku juu ya paa. Ndani ya dakika chache kioo kilianza kuonyesha michirizi: mmoja mnene na mng'avu, mwingine mwembamba na hafifu, kisha mnene tena. Baada ya saa mbili za kuchambua mpangilio wa biti tulisoma namba ya mwanachama wa kwanza na kilo zake. Karani aliyekuwa nasi aliitambua namba hiyo. Alikuwa jirani yake.

Aliyekuwa akisikiliza hatukumjua, na mpaka naandika haya hajulikani. Uongozi ulitoa taarifa polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya watu bila idhini, na kwa kuwa namba za wanachama na malipo yao ni taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya mwaka 2022. Hata hivyo upelelezi una mwendo wake, na msimu ulikuwa umebakiza wiki tano. Tuliombwa kufanya linalowezekana ndani ya wiki hizo, kwa vifaa vilivyopo na fedha kidogo.

Maamuzi na sababu zake

Kwa kuwa mizani haikuweza kusimba, tulilazimika kushuka hadi tabaka la chini kabisa la mawasiliano, kwenye mawimbi yenyewe, na kuuliza kama mawimbi yanaweza kupangwa ili ofisi isikie na mdukizi, yaani anayesikiliza kwa siri, asisikie. Swali hili lina historia ya heshima. Claude Shannon mwaka 1949 alionyesha kwamba siri kamili inahitaji ufunguo usiopungua ujumbe wenyewe kwa wingi wa taarifa, lakini alichukulia kwamba mdukizi anapokea kile kile anachopokea mlengwa, yaani anayekusudiwa kupokea. Aaron Wyner mwaka 1975 aliliondoa sharti hilo. Alithibitisha kwamba ikiwa chaneli ya mdukizi ni mbovu kuliko ya mlengwa, inawezekana kutuma kwa siri bila ufunguo wowote, mradi msimbo umepangwa ili kelele ya ziada anayoipata mdukizi ifunike ujumbe. Miaka mitatu baadaye Leung-Yan-Cheong na Hellman walitoa jibu la chaneli yenye kelele ya Gauss, ile kelele ya nasibu ya kawaida: kiasi cha siri kinachoweza kupita ni tofauti kati ya uwezo (wingi wa taarifa unaoweza kupita bila makosa) wa chaneli ya mlengwa na uwezo wa chaneli ya mdukizi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yetu, na inafaa kuitazama kwa namba. Ishara ikimfikia mlengwa kwa nguvu mara 100 ya kelele, uwezo wa chaneli yake ni takribani biti 6.7 kwa sekunde kwa kila hezi. Ikimfikia mdukizi mara 10 ya kelele, wake ni takribani biti 3.5, na pengo linabaki biti 3.2. Sasa ongeza nguvu ya kurushia mara mia. Wote wawili wanapanda, na pengo halizidi takribani biti 3.3, kwa sababu kinachohesabika ni uwiano kati yao wala si ukubwa wa ishara. Mafundi wengi, nami nikiwemo zamani, hupandisha nguvu pale wanapotaka mawasiliano imara. Kwa siri, nguvu hiyo ya ziada ni zawadi kwa anayesikiliza.

Niseme wazi kwamba redio hizi hazikuwa na msimbo wa aina aliyoueleza Wyner, hivyo hatukuweza kudai siri iliyothibitishwa kihesabu. Tulichoweza ni kupanua pengo mpaka ishara inayomfikia mdukizi iangukie chini ya kiwango ambacho kipokezi chake kinaweza kuisoma. Ni ulinzi wa daraja la chini, na uliandikwa hivyo katika taarifa ya kwanza kwa bodi.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa juu ya antena za vituo. Kila kituo kilirusha kwa wati 5 kupitia antena ya fimbo inayosambaza pande zote. Tulizibadilisha kwa antena za Yagi, ambazo hukusanya mawimbi upande mmoja, zenye ongezeko la desibeli 11 (desibeli hupima uwiano wa nguvu; kila 10 ni mara kumi), zikaelekezwa mlimani, na nguvu ikateremshwa hadi wati 0.5. Hesabu yake ni nzuri kwa namna inavyokaa: nguvu imepungua desibeli 10, antena imeongeza desibeli 9 kuelekea ofisini ikilinganishwa na fimbo ya zamani, kwa hiyo ofisi haikupoteza zaidi ya desibeli 1. Nyuma ya antena, ambako Yagi ile hurusha desibeli 16 pungufu ya mbele, ishara ilishuka kwa desibeli 17. Katika anga wazi kila desibeli 6 hupunguza umbali wa kusikika kwa nusu, na desibeli 17 huufanya kuwa sehemu moja ya saba. Aliyekuwa akisikia kilomita saba nyuma ya kituo sasa angelazimika kusogea hadi kilomita moja, ambako lori geni huonekana na kila mtu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha jambo lililonivutia sana. Katika chaneli ya pamoja, watumiaji wenyewe wanaweza kusaidiana. Tekin na Yener walionyesha mwaka 2008 kwamba mtumiaji asiye na ujumbe wa kutuma kwa wakati huo anaweza kurusha kelele inayomwumiza mdukizi kuliko inavyomwumiza mlengwa, na Goel na Negi katika mwaka huo huo walieleza namna ya kurusha kelele ya kubuni kuelekea upande ambao mlengwa haisikii. Vituo vyetu vitano vilikaa kimya kila kimoja kiliposema. Ilikuwa kana kwamba nadharia imeandikwa kwa ajili yetu. Tulijaribu mezani kwa redio mbili za programu, yaani ambazo mawimbi yake huchakatwa na kompyuta. Ili ofisi iweze kuifuta kelele hiyo, ilibidi ijue mfuatano wake mapema na ipate sampuli za mawimbi yenyewe, wakati redio ya mlimani ilitoa biti tu, ikiwa imekwisha kuamua ipi ni sifuri na ipi ni moja. Kelele ingeiziba ofisi kwanza. Zaidi ya hapo, leseni ya masafa hueleza aina ya mawimbi yanayoruhusiwa kurushwa na nguvu yake, na kelele ya makusudi haikuwa miongoni mwake. Hatukuwa tayari kumlinda mkulima kwa kuvunja masharti yaliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tuliacha.

La tatu lilikuwa wazo la kuchota ufunguo kutoka kwenye chaneli yenyewe. Maurer, na kwa upande mwingine Ahlswede na Csiszár, walieleza mwaka 1993 namna pande mbili zinavyoweza kukubaliana ufunguo kwa mazungumzo ya wazi iwapo zina vipimo vinavyofanana ambavyo mdukizi hana. Katika redio, vipimo hivyo hutokana na ukweli kwamba njia ya mawimbi kutoka kituo hadi ofisi ni ile ile ya kurudi, na hupandapanda na kushuka kwa namna ambayo mtu aliye umbali wa zaidi ya nusu ya urefu wa wimbi, kwetu sentimita 33, haioni sawasawa. Sharti ni kuwe na vitu vingi vya kutawanya mawimbi, na kitu fulani kiwe kinasogea. Nchi yetu ni tambarare kavu, antena zimefungwa kwenye nguzo, mlima unaonekana kwa macho kutoka kila kituo. Tulirekodi nguvu ya ishara kutoka asubuhi hadi jioni, na usomaji haukuyumba zaidi ya desibeli moja isipokuwa lori lilipopita. Ufunguo uliochotwa kwenye chaneli iliyotulia kiasi hicho hauna ubahatishi wowote, na mdukizi anayeiona njia hiyo hiyo iliyo wazi angeweza kuukisia. Wazo hili lingefaa simu za mkononi katikati ya soko la Majengo kuliko nguzo sita zilizotazama jiwe moja.

Kosa tulilolikuta baada ya kazi

Tulimaliza kubadilisha antena siku ya tano na kurudi senta kupima. Mchirizi hafifu, ule wa vituo, ulikuwa umetoweka kwa vituo vinne kati ya sita. Tulipeana mikono. Kisha kijana aliyekuwa ameshika kompyuta akasema polepole, «Kaka, bado nasoma kilo.»

Alikuwa anasoma kutoka kwenye mchirizi mnene. Redio ya mlimani ilirusha kwa wati 25 kupitia antena ya pande zote, na programu ya ofisi ilikuwa imewekwa ili, kila inapopokea rekodi, iirudishe yote kama ilivyo kwa kituo kama uthibitisho, pamoja na tani zilizobaki kwa kituo hicho siku hiyo. Tani zilizobaki! Ndiyo taarifa hasa aliyoihitaji mlanguzi, na ilitangazwa kutoka kilele cha mlima kwenda bonde zima, kila baada ya sekunde chache. Kwa hesabu ya anga wazi, ishara hiyo ilifika kwenye kituo cha mbali kabisa, kilomita 17, ikiwa na zaidi ya desibeli 40 za ziada juu ya kiwango cha kusomeka. Mdukizi hakuwahi kuwa na haja ya kusikia vituo. Mlima ulimsomea.

Kosa hili lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilipoona michirizi miwili nilidhani mnene ni wito mfupi wa zamu, na nikajadili usalama wa njia ya kwenda bila kufungua hata ujumbe mmoja wa njia ya kurudi. Rekodi tuliyoisoma siku ile mbele ya karani, nilipoirudia kwenye faili, ilikuwa imetoka mlimani.

Marekebisho yalihitaji mazungumzo zaidi kuliko vifaa. Kuzima urudishaji kulikuwa mpangilio mmoja katika programu, lakini mama karani wa kituo cha kusini alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: «Mkulima akiona namba zake zimerudi kwenye kioo kutoka ofisini, anaamini hajaibiwa. Mkiziondoa, nitamwambia nini?» Tulikaa naye kituoni nusu siku. Kreti ilipandishwa, mizani ikatulia kwenye 23.4, taa ya kijani ikawaka, na kabla kioo hakijaonyesha kilichorudi, printa ilikuwa imekwisha kutema risiti. Tulipofuatilia nyaya tuligundua kwamba printa huchapa kutoka kumbukumbu ya mizani yenyewe mara ipokeapo uthibitisho wowote wenye namba ya rekodi inayolingana. Namba za kwenye kioo zilikuwa za kutuliza macho tu. Tulipunguza uthibitisho ukabaki namba ya kituo, namba ya mfuatano na jumla ya kuhakiki, namba inayogundua ujumbe ulioharibika njiani. Bodi nayo ikaamuru bango dogo kituoni linalomweleza mkulima kwamba risiti hutoka tu ofisi ikishapokea uzito wake.

Tani za siku ziliondolewa hewani kabisa. Dereva wa lori la chama alizibeba asubuhi kwenye karatasi iliyofungwa, na mabadiliko ya mchana yalipigiwa simu. Nguvu ya redio ya mlimani iliteremshwa hadi wati 1.

Matokeo

Katika wiki tatu zilizobaki malori ya kuwahi yalipungua kwenye vituo vinne. Siwezi kusema kwamba kupungua huko kulitokana na kazi yetu peke yake, kwa kuwa taarifa ya polisi nayo ilikuwa imesambaa midomoni. Ninachoweza kuthibitisha ni vipimo: kutoka senta, vituo vinne havikusomeka tena, na mlima ulisomeka lakini haukuwa na la kusema.

Vituo viwili vya mashariki vilibaki tatizo. Senta iko kati yao na mlima, hivyo antena ya Yagi inayoelekea ofisini humulika senta pia. Tulichokinyima upande wa nyuma tulikipeleka mbele. Tuliteremsha nguvu yao hadi wati 0.1, kiwango cha chini kabisa cha redio hizo. Mlimani ishara ilifika ikiwa takribani desibeli 87 chini ya miliwati moja, bado na akiba ya desibeli 20 hivi. Senta, kwenye bonde na kwa antena ya juu ya gari, ilikuwa pembezoni mwa kusomeka: rekodi moja ilipita, nyingine zikavunjika. Mtu mwenye antena ndefu juu ya paa la duka angezipata zote. Tuliliandika hilo bila kulipamba.

Kabla ya msimu wa Machi tulitengeneza visanduku vidogo vinavyokaa kwenye waya wa data (wa aina ya RS-232) kati ya mizani na redio, kimoja kwa kila kituo na kimoja ofisini, vikisimba kwa AES, njia ya kawaida ya usimbaji, yenye ufunguo wa biti 128. Ujumbe wa baiti 40 huongezewa kihesabio na alama ya uthibitisho, kisha hujazwa hadi baiti 64, hata kama kituo hakina lolote la kuripoti. Muda hewani uliongezeka kutoka milisekunde 33 hadi 53 kwa kila ujumbe. Mizani haikujua kwamba kuna kitu kimekaa katikati, wala makarani hawakulazimika kujifunza jambo jipya.

Uchambuzi

Nikirudi nyuma naona kwamba tungeweza kufika kwenye visanduku mapema zaidi. Tulichukulia kauli kwamba mizani haiwezi kusimba kama mwisho wa mjadala wa usimbaji, na hatukuuliza kama kuna nafasi kwenye waya. Hata hivyo, visanduku vilihitaji miezi ya kutengenezwa na kujaribiwa, na wiki tano zile zilikuwa na wakulima ndani yake. Kazi ya antena na nguvu ilikuwa sahihi kwa wakati wake, na baadaye hatukuiondoa, kwa sababu ishara isiyomfikia mtu haimpi hata nafasi ya kuhesabu nani anarusha na mara ngapi.

Hilo la kuhesabu linastahili kukaziwa. Kabla ya kujaza ujumbe hadi urefu mmoja, kituo kisicho na kazi kilijibu kwa baiti chache, na chenye kazi kwa baiti 40. Mdukizi asiyesoma herufi hata moja angeangalia tu urefu wa mchirizi na kujua kituo kipi kina foleni na kipi kimefungwa. Usimbaji peke yake usingeziba tundu hilo. Katika chaneli inayogawanywa kwa zamu, zamu yenyewe ni taarifa, na ni vyema anayepanga ulinzi aanze kwa kuorodhesha ni nini kinachojulikana kwa kuona tu nani amesema na kwa muda gani.

Udhaifu mkubwa wa ulinzi wote wa tabaka hili ni kwamba hesabu yake inategemea chaneli ya mtu usiyemjua. Pengo la desibeli 16 tulilolipata (17 zilizopungua nyuma, toa 1 iliyopungua ofisini) ni kweli kwa mdukizi mwenye antena kama yetu, aliyesimama tuliposimama. Akinunua Yagi yake mwenyewe, desibeli 11 zinarudi mikononi mwake kwa siku moja. Akipanda jiwe lililo mkabala na mnara, hesabu ya bonde haipo tena, na nchi ya Dodoma ina mawe mengi ya kupandwa. Kwa sababu hiyo tulipima kutoka kila mahali ambapo gari linaweza kuegeshwa bila kuulizwa, na kutoka vilele vitatu, na tulichagua kupima kiangazi, vichaka vikiwa vimepukutika majani na mawimbi yakipita kwa wepesi zaidi, ili takwimu ziwe za hali mbaya kwetu. Anayepima wakati wa mvua, majani yakiwa yamejaa, hupata faraja ambayo itamwisha Agosti.

Nadharia ilitusaidia zaidi pale ilipotukataza. Kanuni ya tofauti ya uwezo ilituonyesha kwamba wati za ziada hazilindi chochote, nasi tukaziondoa. Masharti ya kuchota ufunguo yalituonyesha kwa nini chaneli yetu iliyotulia haifai, kabla hatujatumia fedha. Kelele ya kusaidiana bado naiamini kwa mtandao wenye redio za programu na kibali kinachoeleweka, kwa kuwa katika chaneli ya pamoja vituo vilivyo kimya ni rasilimali iliyolala; tungekuwa na antena mbili mlimani na uwezo wa kuchakata sampuli, vituo vya mashariki ndivyo ningeanza navyo.

Upande wa njia ya kurudi ndio uliotugharimu. Maandishi mengi ya fani hii huchora mtumaji mmoja, mlengwa mmoja na mdukizi mmoja, na mchoro huo ulikaa kichwani mwangu kiasi kwamba sikuona kwamba mlengwa wangu naye ni mtumaji, tena mwenye sauti kubwa kuliko wote na aliyesimama juu kuliko wote. Katika mtandao wowote wenye kituo kikuu, sasa ninapima kwanza kile anachosema mkuu, kwa nguvu gani, na kama kuna neno la vituo analolirudia.

Mwenyekiti aliwaita makarani wote sita ofisini kabla ya msimu wa Machi na kuwaomba radhi mbele ya bodi. Vipimo vya vituo vya mashariki vitarudiwa Agosti, majani yakishaanguka, safari hii kwa antena iliyopandishwa juu ya paa.